Senene Asiyekata Uzi

Fundi wa nguo aliinua mguu kwenye kanyagio. Gurudumu la cherehani likazunguka kivivu, likasimama, na sindano ikabaki juu ya kola ya shati la shule. Lakini ile sauti haikusimama. Iliendelea kutoka nyuma ya nyumba, nyembamba na kavu, mfululizo, kana kwamba kulikuwa na cherehani ya pili huko uani na mwenye kuiendesha hahitaji kukata uzi wala kuvuta pumzi.

Ilikuwa jioni, ile saa ambayo mwanga unaanza kuwa mchache na fundi anasogeza meza karibu na mlango ili amalizie kazi bila kuwasha taa. Akatega sikio. Shingo ikamsisimka kabla akili haijajua kwa nini.

"Wifi," akasema, "unasikia hicho kitu?"

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekaa mkekani akishonea vifungo, miguu kainyoosha, uzi kaubana kwa meno. "Mimi nasikia njaa," akajibu. "Hicho kingine ni panzi. Au siku hizi panzi naye haimbi mpaka akuombe ruhusa?"

Fundi akacheka kidogo, kwa sababu wifi yake alikuwa mtu wa kuchekesha na ukimnunia ndiyo unampa mtaji. Akarudisha mguu kwenye kanyagio. Cherehani iliponguruma, ile sauti ya nje ikamezwa. Hapo ndipo alipotambua kwamba huenda ilikuwa ikiimba hivyo tangu wahamie nyumba ile, na yeye hakuwahi kuisikia kwa sababu ilifanana mno na kazi yake mwenyewe.

Walikuwa wamehamia hapo baada ya mvua kuisha, yeye, mumewe ambaye ni dereva wa lori na nyumbani hukaa kama mgeni, wifi yake, na binti yao mmoja. Mtoto yule alizaliwa mdogo hivi kwamba baba yake alipofunuliwa blanketi alisema amepewa nukta, si mtoto, na jina likaganda hapohapo. Sasa Nukta alikuwa ameanza shule, mwembamba kama uzi, macho makubwa, na hakuna kijidudu kilichopita uani asikifuate kwa magoti hadi kinakolala.

Nyumba ilikuwa ya kawaida: vyumba viwili, baraza ya mbele inayotosha cherehani na benchi la wateja, uani kamba za kuanikia, na kwenye kona bafu la matofali lenye mlango wa bati. Nyuma ya bafu kulikuwa na kipande cha nyasi, kisha wigo wa michongoma. Nyasi zile ndizo zilizomsumbua fundi tangu mwanzo. Uwanja wote ulikuwa umepauka na kupasuka kwa jua, lakini kile kipande kilikuwa kibichi, na katikati yake yalichomoza matete machache, membamba, yamesimama wima.

Fundi aliyajua matete. Alilelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa mkata matete, akiyauza kwa wasuka mikeka na wajenga uzio. Yalikatwa mahali ambapo kwa kutazama tu ungeapa ni uwanja wa kuchezea: nyasi zimesimama, udongo umekauka juu, hata nyayo za mbuzi zipo. Kumbe chini ni maji, na nyasi zenyewe zimeelea juu yake kama utandu juu ya maziwa. Ukikanyaga pasipofaa, utandu unafunguka, unakumeza, kisha unajifunga.

Kwa hiyo wakata matete hawakuanza kazi kwa panga, walianza kwa sikio. Walisimama pembeni wakanyamaza, wakamsikiliza senene.

Wapo senene wa vichakani na wapo senene wa matetini. Wote ni wa kijani, wote wana vipapasio virefu kuliko mwili, vyembamba kama unywele, na asiyewajua atakuambia ni ndugu wa tumbo moja. Lakini wa vichakani ana mabawa mapana kama jani, kichwa kimeviringana, na jike lake lina kitu kifupi nyuma kilichopinda kama mundu. Wa matetini ni mwembamba, kichwa kimechongoka kama penseli iliyotoka kuchongwa, na jike lake limebeba nyuma sindano ndefu iliyonyooka. Wa vichakani anaimba kwa vipande: anashona kidogo, anakata uzi, anashona tena. Wa matetini hakati uzi. Na wa vichakani anakaa popote penye majani, ila wa matetini hatoki penye maji yasiyokauka. Umbo, wimbo na makazi, bibi alikuwa akisema huku akihesabu kwa vidole vyake vyenye makovu. Yote matatu yakubaliane, ndipo useme umemjua.

Na jambo la mwisho bibi alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kulisikia yeye mwenyewe: senene wa matetini akinyamaza ghafla, jua kuna aliyekanyaga.

Kwa nini basi mwanamke aliyelelewa hivyo hakusimama jioni ileile akaenda nyuma ya bafu na jembe? Sababu ilikuwa ni jina. Mtaani walimwita Mama Roho Juu, na jina lenyewe alilipewa na wifi yake kwa upendo, ndiyo maana lilikuwa gumu kulitoa. Kuna siku alinusa moshi akaenda kutoa watoto darasani, kumbe mlinzi wa shule anachoma majani. Kuna siku alimkimbiza Nukta zahanati na uvimbe mkononi, nesi akautazama, akauliza, "Mama, umeleta mtoto au umeleta mbu?" Wifi alizisimulia hadithi hizo kila penye watu, akiigiza na mwendo, na fundi mwenyewe alikuwa akicheka hadi machozi. Lakini kicheko cha watu kikikuzoea, kinaanza kukaa kooni mwako. Ukitaka kusema jambo, kinatangulia.

Hata hivyo alijaribu. Kesho yake mama mwenye nyumba alipopita kuchukua gauni lake, fundi alimuuliza kuhusu zile nyasi. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane mpole, mtu wa salamu ndefu, na hakukasirika hata chembe. Alieleza kwamba ni maji ya bafu yanayotiririkia kule, kwamba uwanja ule marehemu mumewe aliusawazisha kwa mikono yake kabla hata ya kujenga, na kwamba yeye ameanika nguo pale miaka na miaka. Kisha akamgusa bega, akatabasamu.

"Mwanangu, nimeshaambiwa unavyoitwa," akasema. "Pumzika. Nyumba haili mtu."

Maji ya bafu. Fundi alilishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba. Lilieleza ubichi, lilieleza matete, na kama pana unyevu kidogo basi hata senene mmoja aliyepotea njia angeweza kufika. Akajiona mjinga, na kujiona mjinga kulikuwa afadhali kuliko ile hofu.

Siku chache zilipita. Kisha Nukta akaja barazani na chupa ya jemu, kiganja kimefunika mdomo wake, uso unang'aa.

"Mama, nimempata. Ana sindano kama yako."

Fundi aliiweka chupa juu ya meza, akasukuma pembeni mkasi na chaki. Ndani alikuwamo mdudu wa kijani, mwembamba, kichwa kimechongoka, vipapasio vikipapasa kioo polepole kama mtu anayetafuta mlango gizani. Nyuma alibeba sindano ndefu, iliyonyooka sawasawa.

"Umemtoa wapi?"

"Nyuma ya bafu. Wako wengi, mama. Mmoja anaimba kama yuko ndani ya mtungi."

Hayo ndiyo maneno ambayo baadaye fundi aliyarudia usiku na mchana. Mtoto alisema mtungi. Uwazi wote uliofichwa chini ya zile nyasi ulikuwa ndani ya neno hilo moja, na yeye alilisikia likapita, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye sindano.

Hakutaka kuropoka safari hii. Alitaka kuwa na hakika kabla wifi hajapata hadithi mpya. Akafanya kama bibi alivyokuwa akifanya akiwa na shaka: alitia nyasi mbichi ndani ya chupa, akanyunyiza maji, akafunika kwa kipande cha chandarua, akaitundika kwenye msumari kando ya cherehani. Akiimba bila kukata uzi, alijiambia, basi ni yeye, na hapo hata wanicheke nitachimba. Na jioni ilipofika akaacha kazi mapema, akakaa mikono mapajani, anasubiri.

Mdudu hakuimba. Alipanda nyasi, akashuka, akasafisha kipapasio kimoja mdomoni kama paka anayejiramba. Nje, kutoka uani, ile sauti kavu iliendelea na kazi yake. Ndani ya chupa kimya.

"Umemleta bubu," wifi akamwambia Nukta. Akasogea, akainama kwenye chupa, mikono kiunoni. "Au ni jike huyu. Majike wenyewe hawaimbi, wanakaa kusikiliza upuuzi wa waume zao, kama sisi."

Wote watatu wakacheka. Fundi alicheka kuliko wengine, kwa sababu kicheko kile kilikuwa kinamtoa mzigo. Haimbi, basi si yule. Ana umbo tu, mdudu anayefanana. Akamruhusu Nukta aendelee kucheza na wadudu wake, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu wahamie.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, mawingu yametanda, mwanga wa kijivu kama wa jioni tangu mchana. Senene hupenda hali hiyo. Hawangojei jua lizame. Wifi alikuwa ndani anapiga pasi. Fundi alikuwa barazani na jora zima la kitambaa cha bluu, anakata sketi za shule na kuziunga, mguu unakwenda, kichwa kimetulia. Uzi ukamkatikia. Akatoa mguu, akalamba ncha ya uzi, akaisogeza kwenye tundu la sindano, na nje kule mwimbaji akawa anaendelea, mfululizo.

Alipokuwa ameikodolea macho ile sindano ndogo ya chuma ndipo maneno ya wifi yalipomrudia. Au ni jike huyu.

Mkono ukasita hewani. Ile sindano ya senene haikuwa pambo. Bibi alimwonyesha, akiwa mdogo kama Nukta: jike analitoboa tete, anaingiza mayai ndani ya shina. Mwenye sindano ni jike, na jike haimbi. Mwenye kuimba ni dume, na dume hana sindano. Yeye alikaa jioni nzima akimsubiri mdudu mmoja ampe ushahidi wa wawili. Umbo lilikuwa ndani ya chupa, wimbo ulikuwa nje ya dirisha, makazi yalikuwa nyuma ya bafu, na vyote vitatu vilikuwa vimekubaliana kitambo. Yeye ndiye aliyevitenganisha. Na maji ya bafu hayakai. Wao walioga asubuhi tu. Maji gani hayo ya ndoo nne yanayolea matete kiangazi kizima?

Akafungua mdomo amwite mwanawe. Wakati huohuo wimbo ukakatika.

Haukufifia. Ulikatika kama uzi unavyokatwa kwa meno. Uwanja mzima ukawa kimya, na katika kimya kile fundi alisikia pasi ya wifi ikiwekwa chini chumbani.

Hakukumbuka alivyotoka barazani. Alipofika kona ya bafu alijizuia kwa kushika ukuta, kwani miguu ilitaka kuendelea. Nukta alikuwa amelala kifudifudi katikati ya zile nyasi, sikio ameliegemeza ardhini, mikono imetanuka. Na ardhi chini yake haikuwa tambarare tena. Ilikuwa imebonyea taratibu kuelekea katikati, kama shuka iliyotandazwa hewani kisha ikawekewa kitu kizito. Pembeni ulianza kuonekana mstari mweusi, mwembamba, uliopinda, kama mahali fundi anapopita na chaki kabla ya kukata.

"Mama, amenyamaza," mtoto akasema bila kuinua kichwa.

"Naam, amenyamaza. Na wewe nyamaza hivyohivyo. Usiinuke."

Wifi alikuwa ameshafika nyuma yake, akaona, na mwili wake wote ukaruka kwenda mbele. Fundi alimdaka gauni, likapasuka ubavuni, hakuliachia. Alimwambia akikanyaga pale watakuwa wawili. Alimwambia akalete jora, jora lote, upesi, na wifi yule ambaye hakuwahi kuagizwa kitu bila kujibu aligeuka akakimbia.

Wakata matete mwenzao akizama hawakumfuata. Walilala chini, wakamtupia matita ya matete mpaka apate cha kulalia. Fundi hakuwa na matete. Alilala kifudifudi kwenye udongo mgumu, uso kwa uso na mwanawe, umbali ambao angeweza kuuvuka kwa hatua chache na kumwua kwa hatua hizohizo. Alianza kumsimulia habari yoyote iliyomjia mdomoni, rangi ya sketi mpya, nani atashonewa ya kwanza. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa. Hakujua ilitoka wapi. Udongo ulikuwa ukimwagika kidogo kidogo ndani ya ule mstari mweusi, na kila ulipomwagika hakusikia unapoangukia.

Jora lilipofika walilifungua wakalisukuma likabingirika, kitambaa cha bluu kikajitandaza juu ya nyasi hadi kikamgusa Nukta begani.

"Sasa jiviringishe," fundi akasema. "Taratibu. Wewe ni jora. Jizungushie kitambaa mpaka kiishe."

Nukta akacheka, maana aliona ni mchezo. Akajibingirisha mara ya kwanza, kitambaa kikamfunika kifua; akajibingirisha tena, na hapo kitu chini yake kikalia, mlio mrefu wa mbao iliyooza. Wale wanawake wawili walivuta kwa pamoja. Hawakuvuta kwa adabu. Mtoto aliteleza juu ya nyasi kama mzigo, akapita mdomo wa lile pasuko, akawafikia vifuani, na nyuma yake matete yaliinama yote upande mmoja kama watu wanaoitikia, yakatoweka.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha, kutoka chini sana, kulisikika maji yakipokea.

Majirani walikuja wakasimama mbali. Waliotazama ndani walisema ni kisima cha zamani, kimejengewa kwa matofali, mtu fulani alikifunika kwa magogo na udongo kabla ya nyumba kuwapo, na matofali yanapanuka kuelekea chini kama tumbo la mtungi. Mama mwenye nyumba alikuja, akatazama kamba zake za nguo zinazoning'inia juu ya lile tundu, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Marehemu alisawazisha juu, hakujua cha chini. Alirudia hivyo mpaka watu wakamwinua. Aliapa atalijaza.

Baba Nukta aliporudi safari walihama, wakapata chumba mtaa wa pili, na fundi akaweka cherehani yake dirishani. Jike la senene lilikuwa limekufa ndani ya chupa. Hakulitupa. Alilikausha, akalihifadhi kwenye kopo la vifungo, sindano yake ikiwa bado imenyooka. Kwa muda watu walimwita kwa heshima, wakileta watoto wao wamwone Nukta. Halafu habari ikaanza kupungua uzito kama inavyokuwa. Ikawa fundi alisikia mzimu. Ikawa fundi aliongea na panzi. Kabla ya mvua za pili kuanza jina la Roho Juu lilikuwa limerudi, na safari hii si wifi aliyelirudisha.

Alasiri moja ya mawingu, yeye na wifi walikuwa wanapeleka mapazia ya mteja, marefu, mazito, wamebeba kila mtu furushi lake. Njia fupi ilipita mbele ya ile nyumba. Fundi aliona dirishani pazia jipya, barazani viatu, na pembeni ya ukuta kamba iliyoanikwa nguo: nepi, na baada ya nepi kaptura ndogo za mtoto anayetembea.

Kisha akasikia. Kutoka nyuma, nyembamba na kavu, bila kukata uzi.

Wifi naye alisikia, kwa maana alisimama katikati ya sentensi. Wakatazamana.

"Mama mwenye nyumba alisema amelijaza lile shimo," wifi akasema.

"Angekuwa amelijaza, huyu asingekuwapo."

"Basi gonga."

"Wataniita—"

"Wacha waite. Mimi ndiye niliyekupa hilo jina, leo nakuomba ulitumie. Gonga, wifi."

Fundi akagonga. Alifungua mwanamke kijana, mtoto mchanga kiunoni, uso wa ukarimu. Fundi akaanza kujieleza na hakufika mbali, kwani mwenyeji alishaanza kutabasamu, akasema aliambiwa kwamba iko siku Mama Roho Juu atapita, akawakaribisha hata maji. Akawaeleza kwa upole kwamba lile shimo limeisha. Mafundi walikuja na vifusi, wakapiga udongo juu, wakashindilia, hata yeye mwenyewe amepakanyaga. Mbona pameshaota nyasi nzuri tu.

Fundi alifungua kopo la vifungo. Alimwonyesha mdudu mkavu, kichwa kilivyochongoka, sindano ya nyuma. Alimwambia huyu haimbi, mumewe ndiye anayeimba, na mumewe ndiye huyo anayesikika sasa hivi. Haishi kwenye vifusi, hakai penye udongo mkavu, anakaa juu ya maji tu. Vifusi vimekwama njiani, dada. Vimeshikiliwa na kitu, na hicho kitu kinaoza. Alisema yote matatu kwa utaratibu, umbo, wimbo, makazi, na alisikia jinsi yanavyosikika mlangoni kwa mtu mchana kweupe.

Mwenyeji alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Midomo yake ilikuwa imebana kicheko kama mtu aliyebana pini za kushonea. "Nimekuelewa, mama," akasema. "Nitamwambia baba watoto akirudi." Na akaanza kuusogeza mlango.

Wimbo ukakatika.

Mwenyeji hakugundua chochote. Kimya kwake kilikuwa kimya tu. Lakini wifi aliachia furushi likaanguka, na fundi akaweka kiganja kwenye mlango, akauzuia.

"Mdogo wangu," akasema, kwa ile sauti ya kawaida ambayo aliitumia siku moja tu maishani mwake, "yule mwenye zile kaptura yuko wapi?"

Yule mwanamke alitazama mtoto aliyekuwa naye kiunoni. Kisha akageuza shingo, polepole, kuelekea ukumbi mwembamba unaotokea uani, ambako mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Fundi alikuwa ameshampita. Mikononi mwake mapazia yalikuwa yanakunjuka, yanaburuta sakafuni, marefu, na alikuwa akiyavuta kwa nguvu mshono kwa mshono, akiyapima kama yatafika.